Kama asidi ya siki ni dhaifu, mbona inamaliza NaOH sawa na HCl?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tano, PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Maabara tulifanya titresheni mbili (kudondoshea asidi besi mpaka asidi iishe, ili kujua kiasi chake). Ya kwanza tuliweka cm³ 25 za HCl (asidi haidrokloriki) ya 0.1 M, yaani moli 0.1 kwa lita, kwenye chupa ya koni, NaOH (sodiamu haidroksaidi, besi) ya 0.1 M kwenye bureti, ikamaliza cm³ 25. Ya pili tukabadilisha asidi tu: asidi ya siki (ethanoiki) ya 0.1 M, ujazo uleule. Sisi tulitumia indiketa (kemikali inayobadili rangi) ya POP, yaani phenolphthalein, tukapata cm³ 25 tena. Kundi la jirani lilitumia MO (methyl orange) likapata 4, mara 6, mara 7.5. Sasa kama asidi ya siki ni dhaifu, kwa nini imemaliza NaOH sawa na HCl? Udhaifu wake uko wapi? Na MO ina kosa gani? Halafu rafiki yangu anadai HCl nayo ukiiongezea maji inageuka kuwa asidi dhaifu. Tumebishana mpaka bwenini.

Jibu: Marahaba. NaOH haipimi ukali wa asidi. Inapima ni haidrojeni ngapi asidi inaweza kuzitoa zikidaiwa zote, na kwenye chupa zenu mbili idadi hiyo ilikuwa sawa. Ukali ni habari nyingine: ni sehemu gani ya haidrojeni hizo imekwisha kuachiwa majini kabla hujafungua koki ya bureti. Mkizitenganisha habari hizi mbili, maswali yako yote matatu yanajibika, hata la rafiki yako.

Tuanze na hesabu. Cm³ 25 za asidi ya 0.1 M zina moli 0.0025 (moli ni kipimo cha idadi ya chembe), iwe HCl au asidi ya siki. Kila molekuli ya HCl ina haidrojeni moja. Molekuli ya asidi ya siki, CH₃COOH, ina haidrojeni nne, lakini tatu zimeshikwa na kaboni na hazitoki ng'o ndani ya maji. Inayotoka ni ile moja iliyoshikwa na oksijeni. Kwa hiyo kila molekuli, ya upande huu na ya upande ule, inadaiwa OH⁻ moja (ioni ya haidroksaidi itokayo kwenye NaOH). Moli 0.0025 za asidi zinataka moli 0.0025 za NaOH, na hizo ndizo zilizomo kwenye cm³ 25 za NaOH ya 0.1 M. Hamkukosea popote.

Sasa tazama chupa kabla hujatia hata tone. HCl ikishaingia kwenye maji haibaki HCl. Kwa ukolezi wa 0.1 M unaweza kuhesabu kwamba zote zimeachana kuwa ioni, yaani chembe zenye chaji: ioni za kloridi huku, na ioni za haidrojeni zimedandia molekuli za maji kuwa H₃O⁺. Ukipima pH (kipimo cha ioni huru za haidrojeni: zikiwa nyingi, namba inakuwa ndogo) unapata 1. Kwenye chupa ya pili, kati ya kila molekuli 1000 za asidi ya siki, takriban 13 tu ndizo zilizoachia haidrojeni. Zilizobaki, 987, zinaelea nzimanzima. pH yake ni kama 2.9. Kwa macho, 1 na 2.9 zinaonekana jirani, lakini kila hatua moja kwenye mizani hiyo ni mara kumi, kwa hiyo HCl yenu ilikuwa na ioni huru za haidrojeni karibu mara 75 ya zile za asidi ya siki. (Mizani ya pH yenyewe ilibuniwa mwaka 1909 na Søren Sørensen, mkemia wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Copenhagen. Watengeneza bia walihitaji kujua asidi huru iliyomo, si akiba yote, kwa kuwa vimeng'enya vinaathiriwa na ile iliyo huru.)

Usizifikirie zile 13 kuwa ni molekuli maalumu zilizozaliwa na ujasiri. Kila wakati kuna molekuli zinazoachia haidrojeni na ioni za ethanoeti, CH₃COO⁻, zinazonyakua haidrojeni na kuwa molekuli tena. Kazi hizo mbili zinakwenda kwa kasi sawa, hivyo hesabu inabaki palepale huku wahusika wakibadilishana. Huu ndio msawazo, na namba inayoueleza ni Ka, ambayo kwa asidi ya siki ni 1.8 × 10⁻⁵ kwenye nyuzi 25 za Selsiasi. Namba ndogo namna hiyo inakwambia kwamba upande wa kushikilia umeuzidi sana upande wa kuachia.

Fungua koki sasa. OH⁻ ya kwanza inaingia na kunyakua ioni ya haidrojeni iliyo huru, yanapatikana maji. Hiyo haidrojeni haipo tena ya kunyakuliwa na ethanoeti, kwa hiyo kazi ya kurudisha inapungua wakati kazi ya kuachia inaendelea kama kawaida. Matokeo yake molekuli nyingine zinaachia. Inakuja OH⁻ ya pili, mambo ni yaleyale, na mtindo unaendelea mpaka molekuli ya mwisho. Fikiria watu wawili wenye shilingi 1000 kila mmoja. Wa kwanza anazo zote mkononi, wa pili ana 13 mkononi na nyingine zote ziko M-Pesa, na amesimama kwenye kibanda cha wakala. Ukimchungulia mkononi utasema huyu wa pili ni fukara. Ukimdai 1000, atakulipa 1000. Kipima pH kinachungulia mkononi, NaOH inadai. Mfano huu una kasoro moja: kwa wakala kuna foleni, ilhali molekuli ya asidi inaachia haidrojeni ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde. Ndiyo maana titresheni ya asidi dhaifu haikuchukua muda mrefu zaidi kuliko ile ya asidi kali, na hamkuona chochote cha ajabu.

Ila zipo njia za kuuona udhaifu huo waziwazi, na ningependa mzifanye kabla hamjasahau ubishi wenu. Chukua mirija miwili ya majaribio, mmoja wenye HCl ya 0.1 M na mwingine asidi ya siki ya 0.1 M, ujazo sawa. Tumbukiza utepe wa magnesiamu, mwingi kiasi kwamba asidi ndiyo itakayokwisha kwanza. Kwenye HCl mapovu yanatoka kwa vurugu. Kwenye asidi ya siki yanatoka taratibu, kwa sababu kasi ya mmenyuko inategemea ioni zilizo huru dakika ile. Subiri. Ukikusanya haidrojeni yote mpaka mapovu yakome, ujazo wa gesi unatoka sawa pande zote mbili. Mmenyuko mmoja unakuonyesha vyote viwili: kasi inasema habari ya ukali, jumla ya gesi inasema habari ya akiba.

Njia nyingine ni umeme. Weka elektrodi mbili na balbu: HCl inaiwasha vizuri, asidi ya siki inaiwasha kwa kujikongoja, kwa kuwa umeme majini unabebwa na ioni tu, si na molekuli nzima. Kwa vipimo vya namna hii Svante Arrhenius alijenga hoja kwamba chumvi na asidi zinagawanyika kuwa ioni ndani ya maji hata kabla ya kupitishiwa umeme. Aliwasilisha tasnifu yake Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, mwaka 1884, watahini wakampa daraja la chini. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa nadharia hiyohiyo.

Joto lakini halitawasaidia. HCl na NaOH zikikutana zinatoa karibu kJ 57 kwa kila moli ya maji inayotengenezwa. Asidi ya siki na NaOH zinatoa karibu kiasi hichohicho.  Kwa kipimajoto cha shule na kikombe cha plastiki huenda msione tofauti yoyote.

Sasa tuje kwa jirani zenu na MO yao. Hapa ndipo penye utamu, kwa sababu namba zao 4, 6 na 7.5 si za ovyo. Ninaweza kukuonyesha zilikotoka.

MO ni nyekundu chini ya pH 3.1 na njano juu ya 4.4. Katikati inapita rangi ya machungwa. POP haina rangi mpaka pH ifike kama 8.3, halafu inaanza kuwa waridi, na inakolea kabisa kwenye 10. Indiketa haijui asidi imekwisha au haijaisha. Inajua pH tu. Kwa hiyo swali la kujiuliza kila unapochagua indiketa ni: asidi inapokwisha, pH ya chupa inakuwa ngapi, na inafika hapo kwa kuruka au kwa kutambaa?

Kwa HCl inaruka. Ukiwa umebakiza tone moja kufika cm³ 25, yaani kwenye 24.95, pH ni 4. Ukipitiliza tone moja, 25.05, pH ni 10. Matone mawili yamekuvusha hatua sita, ioni za haidrojeni zimepungua mara milioni. Mruko huo unapita kwenye eneo lote la POP na unagusa eneo la MO, kwa hiyo yoyote utakayotumia, kosa lake halizidi tone. Ndiyo maana kwa HCl hakuna aliyegombana na mwenzake.

Kwa asidi ya siki mambo ni mengine kabisa. Mkianza, pH ni 2.9, MO ni nyekundu. Hata kabla hamjamaliza cm³ 1 ya NaOH, pH imepita 3.1 na MO imeanza kuyumba kuelekea machungwa. Kisha inaingia sehemu ambayo pH inatambaa kama kinyonga. Kwenye cm³ 5 iko 4.2. Kwenye 12.5, nusu ya safari, iko 4.76. Kwenye 20 iko 5.4. Yaani cm³ 15 nzima za NaOH zimeisogeza pH hatua moja na kidogo tu, kwa sababu chupani sasa mna mchanganyiko wa asidi ya siki na ethanoeti yake, na mchanganyiko wa aina hiyo unakataa kusukumwa. Ndiyo bafa mtakayoisoma baadaye. Damu yako inatumia hila ya aina hii, kwa asidi ya kaboni na bikaboneti, kubaki kati ya pH 7.35 na 7.45.

pH ya 4.4, ambako MO inamaliza kuwa njano, inafikiwa kwenye cm³ 7.6 hivi. Kwa hiyo rangi ya MO ilikuwa ikibadilika polepole kuanzia chini ya cm³ 1 mpaka karibu 7.6, bila mahali hata pamoja pa kusema "hapa." Aliyefunga koki kwenye 4 aliona machungwa akaridhika. Wa 6 alisubiri kidogo. Wa 7.5 ndiye mvumilivu aliyengoja njano kamili. Wote watatu waliiona MO sawasawa, na wote walisimama wakati zaidi ya theluthi mbili ya asidi ikiwa bado chupani. Wasichukue wastani wa namba hizo kwenye ripoti. Wastani ni wa vipimo vinavyozunguka jibu moja, na hapa hakuna jibu lililokuwa likizungukwa. Waandike kwamba indiketa haikufaa, waeleze kwa nini, na warudie na POP.

Kwa nini POP imefaa? Kwenye cm³ 25 asidi yote imekwisha, chupani mna maji, sodiamu na ethanoeti. Mwanafunzi wa kidato cha pili atasema hiyo ni chumvi, kwa hiyo pH ni 7. Siyo. Ethanoeti ni ileile iliyokuwa inang'ang'ania haidrojeni tangu mwanzo, na haijaacha tabia. Inaokota haidrojeni kidogo kutoka kwenye maji na kuacha OH⁻ nyuma, na pH inasimama kwenye 8.7. Asidi iliyokuwa mbishi kutoa huacha nyuma mabaki yenye uchu wa kupokea. HCl ilitoa bila ubishi, na kloridi yake haitaki kitu, ndiyo maana mwisho wake ni 7 kamili. POP inaanza waridi kwenye 8.3, mahali penyewe hasa. Na mruko upo, ingawa ni mfupi: tone moja kabla ya mwisho pH ni 7.5, tone moja baada ni 10.

Nadhani najua jirani zenu walikotoa MO. Kidato cha nne titresheni inayojirudia sana ni ya HCl na sodiamu kaboneti, na pale MO ndiyo mwenyewe. Mwisho wa mmenyuko ule chupani kunabaki kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka, asidi dhaifu, na pH iko karibu na 4. Ukitumia POP pale, rangi itapotea ukiwa nusu ya njia, kaboneti ikiwa imegeuka bikaboneti tu. Mtu akifanya zoezi lile mara nyingi anajenga mazoea kwamba titresheni ni MO, kama vile chai ni sukari. Ni afadhali ujizoeze kuuliza: nani dhaifu hapa? Asidi ikiwa dhaifu na besi kali, mwisho uko juu ya 7, chukua POP. Besi ikiwa dhaifu na asidi kali, kwa mfano amonia na HCl, mwisho uko chini ya 7, chukua MO. Zote kali, chagua upendayo. Zote dhaifu, mruko haupo kabisa, weka indiketa kabatini utafute kipima pH.

Jambo la pembeni kuhusu POP, maana linawachanganya wengi: mkiiacha chupa ya koni mezani, rangi ya waridi itafifia yenyewe baada ya muda. Hamjakosea kupima. Kaboni dayoksaidi ya hewani inayeyuka na kuishusha pH. Mkiona waridi hafifu iliyodumu kama nusu dakika mkitikisa, funga koki, soma bureti. Kwa sababu hiyohiyo chupa ya NaOH iliyoachwa wazi tangu juzi si ya 0.1 M tena, msiiamini.

Amebaki rafiki yako na maji yake. Ukiongeza maji kwenye HCl, ukolezi unashuka, pH inapanda, na uchungu wake ulimini unapungua ukiionja (usiionje). Lakini haijawa asidi dhaifu, kwa sababu kila HCl iliyomo bado imeachana yote. Kinachochekesha ni kwamba maji yanaisukuma asidi dhaifu upande wa pili. Asidi ya siki ya 0.1 M imeachia asilimia 1.3. Ipunguze mara mia, iwe 0.001 M, na sasa imeachia karibu asilimia 12.6, kwa kuwa ioni zikitawanyika mbali, ethanoeti inapata shida kuipata haidrojeni ya kunyakua. Ioni huru kwa kila lita zimepungua, ila sehemu ya molekuli zilizoachia imeongezeka. Na kama rafiki yako ataendelea kuongeza maji kwenye HCl hadi 10⁻⁸ M, akija kukwambia pH ni 8, mkatalie: asidi haigeuki besi kwa kumwagiwa maji. Kufikia hapo maji yenyewe yana ioni za haidrojeni nyingi kuliko asidi, na pH inabaki chini kidogo tu ya 7.

Wala msichukulie udhaifu kuwa ni usalama. Asidi ya siki isiyochanganywa na maji inaunguza ngozi, na mvuke wake unachoma macho. Asidi haidrofloriki, HF, imo kwenye orodha ya asidi dhaifu, lakini mafundi wa vioo wanaiogopa kuliko HCl: inapenya ngozi, inakwenda kushika kalsiamu ya mwilini, na inaweza kuua. Ka inaeleza haidrojeni inavyoachia majini. Haisemi lolote kuhusu nyama yako.

Ukitaka kumnyamazisha rafiki yako kwa jaribio, mwombe mwalimu wenu chupa mbili zisizoandikwa jina. Moja iwe na HCl ya 0.001 M, nyingine asidi ya siki ya 0.1 M. Mpe rafiki yako kipima pH aseme ipi ni kali. HCl itasoma 3 na asidi ya siki 2.9, kwa hiyo akifuata kipimo ataielekeza asidi ya siki. Kisha pima cm³ 25 za kila moja, tia POP, fungua NaOH ya 0.1 M. Asidi ya siki itakula cm³ 25. HCl itageuka waridi kwenye cm³ 0.25, matone matano.